Nilivyopanga upya folda za mwongozo wetu wa lugha tatu

Mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa alinipigia simu usiku, mwisho wa mwezi. Alikuwa amefuata hatua kwa hatua mwongozo wetu wa Kiswahili wa programu ya hesabu za vikundi, akafunga mwezi kabla ya kuingiza marejesho, na sasa hesabu zimemgomea. Nilipofungua ukurasa wa Kiingereza nikakuta hatua ileile ilisharekebishwa miezi mitatu nyuma. Ule wa Kiswahili hakuna aliyeugusa. Iliniuma sana, maana programu ile huria tuliitengeneza kwa ajili ya watu kama yeye, na mwongozo ulianza kwa Kiswahili.

Niliporudi kwenye faili nikaona tatizo liko wapi. Kila mada ilikuwa na folda yake, na humo lugha zote zimechanganyika: mikopo.md, loans.md, prets.md. Mada zikiwa tano unakumbuka faili ipi ni tafsiri ya ipi. Sisi tulikuwa na kurasa zaidi ya sitini. Juu ya hapo kulikuwa na folda mbili zilizoitwa tz na ke, zote za Kiswahili, kwa sababu mtu alitumia alama za nchi. Nilizifuta zote mbili kwanza. Alama ya Kiswahili katika ISO 639-1, orodha ya kimataifa ya alama za lugha zenye herufi mbili, ni sw, na msomaji wa Mombasa na wa Mwanza wanasoma ukurasa mmoja. Mwenzetu wa Bukavu aliuliza kuhusu Kiswahili cha Kongo. Nacho kina alama yake, swc, katika ISO 639-3, orodha ya alama za herufi tatu. Siku akipatikana wa kukiandikia, folda itafunguliwa.

Tovuti yetu inajengwa kwa Hugo, programu inayogeuza faili za maandishi kuwa kurasa za tovuti, nayo inakubali njia mbili za kupanga lugha. Unaweza kuziweka faili bega kwa bega, mikopo.sw.md na mikopo.fr.md, au kuipa kila lugha folda yake: content/sw, content/en, content/fr. Nilianza na ile ya kwanza, nikaiacha baada ya wiki mbili. Mfasiri wa Kifaransa alikuwa anapekua orodha ndefu ya faili zisizomhusu, na mara mbili alihariri ya Kiingereza bila kujua. Kwenye folda yake mwenyewe anaona kazi yake tu.

Tulikobishana hasa ni kwenye majina ya faili. Wengi walitaka yawe ya Kiingereza kote. Mimi nilishikilia Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya asili ya mwongozo: sw/mikopo.md, en/mikopo.md, fr/mikopo.md. Jina likiwa moja na njia ikiwa moja, Hugo inazitambua yenyewe kuwa ni tafsiri za ukurasa mmoja. Anwani anayoiona msomaji inaweza kubaki ya lugha yake. Unaandika slug, yaani jina la ukurasa litakalotokea kwenye anwani, juu ya faili na imekwisha. Mfasiri wa Kifaransa hakufurahi siku ya kwanza, ila majina yenyewe ni machache na ameshayazoea.

Faida yake kubwa ni kwamba pengo linaonekana. Ukilinganisha orodha za folda mbili unajua papo hapo kipi hakijatafsiriwa. Zamani tulikuwa tunanakili Kiingereza kujaza pengo, na ndivyo tulivyojidanganya kwamba kazi imekwisha. Sasa faili isiyotafsiriwa haiwekwi kabisa. Na kila tafsiri ina mstari mmoja juu unaotaja komiti ya Git (toleo lililohifadhiwa kwenye programu ya kutunza historia ya faili) ya ukurasa wa asili uliotafsiriwa. Skripti fupi inaangalia kama sw/mikopo.md imebadilika tangu komiti hiyo. Ikiwa imebadilika, tafsiri inaingia kwenye orodha ya kazi. Marekebisho yote sasa yanaanzia sw, hata yakiletwa na mtu wa Kiingereza.

Viungo vya zamani vilikuwa vimeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa hiyo kila ukurasa uliohama niliuandikia aliases, anwani ya zamani ikupeleke kwenye mpya. Kazi hiyo ilinila wikiendi nzima, na ningeirudia.

Picha bado. Michoro isiyo na maneno iko kwenye folda ya pamoja, lakini picha za skrini lazima ziwe za kila lugha, na ukurasa wa Kifaransa wa kufunga mwezi hadi leo unaonyesha vitufe vya Kiswahili. Huo ndio ninaoanza nao Jumamosi.