Pointi zako za chesi zinavuja wapi?

Ukifungua mechi za wachezaji wa mtandaoni walio kati ya pointi 800 na 1500 za kiwango, utashangaa jinsi zinavyofanana. Hatua sita au nane za kwanza zinachezwa chapuchapu, na karibu zote ni sahihi. Kisha mpinzani anacheza kitu ambacho hakikuwemo kwenye video ya ufunguzi, na mchezaji wetu anaendelea kwa kasi ileile kana kwamba hakuna kilichotokea. Kufika hatua ya 12 au ya 15, farasi wake amekaa mahali bila mlinzi na analiwa bure.

Haimaanishi kwamba mchezaji huyu hajui chesi. Anajua, na nguvu zake ni za kweli: anaiona mati (mfalme kutishiwa na kukosa pa kutokea) ya mstari wa nyuma, anamwona farasi akitishia mfalme na malkia kwa mpigo mmoja, mkono wake ni mwepesi, na amekutana na mitindo mingi kuliko mtu anayecheza na rafiki yuleyule kila jioni. Tatizo ni kwamba nguvu hizi zote zinatazama upande mmoja, wa kushambulia. Kinachommaliza ni swali la upande wa pili: huyu naye anataka kunifanya nini?

Mafumbo, yaani nafasi zilizopangwa ili utafute hatua bora, yanachangia. Fumbo likifunguka, tayari unajua kuna kitu cha kutafuta, na mara nyingi unajua ni wewe unayeshinda. Kwenye mechi hakuna anayekuambia kwamba hatua hii ndiyo ya kusimama na kufikiri. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na pointi 2000 za mafumbo na bado akakwama kwenye 1200 za mechi za dakika 10.

Njia ya kujua udhaifu wako haihitaji mwalimu. Chukua mechi 20 za mwisho ulizopoteza, zote za muda mmoja. Usichanganye za dakika 3 na za dakika 15, kwa sababu magonjwa yake ni tofauti. Usiwashe injini (programu ya kompyuta inayochambua mechi) kwanza. Katika kila mechi tafuta hatua ambayo baada yake mambo hayakurekebishika, kisha andika vitu vinne: namba ya hatua, muda uliokuwa umebaki kwenye saa yako, sekunde ulizotumia kuicheza, na sababu kwa maneno yasiyozidi matano. "Askofu hakuwa na mlinzi." "Sikuona cheki yake." "Sikujua nifanye nini." "Saa iliniishia." Tovuti za Lichess na Chess.com zote zinatunza muda wa kila hatua, kwa hiyo huhitaji kukisia.

Ukimaliza, panga sababu hizo kwa mafungu. Wengi chini ya 1500 watakuta fungu moja limemeza mengine yote: kete zilizoachwa ziliwe bure, au shambulio rahisi la hatua moja au mbili ambalo halikuonekana. Na ukiangalia safu ya sekunde, utakuta makosa mengi yalichezwa kwa sekunde mbili au tatu huku saa ikiwa na dakika sita. Kwa mtu wa namna hiyo, kununua kozi ya ufunguzi ni kupaka rangi nyumba inayovuja paa.

Dawa ya fungu hilo ni mazoea ya kabla ya kugusa kete. Umeshachagua hatua yako. Sasa iweke kichwani kana kwamba imechezwa, geuza macho, na utafute kwa niaba ya mpinzani: cheki zake zote (hatua zinazomtishia mfalme wako), kila kete anayoweza kula, na kitisho kimoja kibaya zaidi. Ni hayo tu, kwa mpangilio huo. Cheki zinatangulia kwa sababu ndizo zinazokunyima uhuru wa kujibu unavyotaka. Mwanzoni zoezi hili linachukua sekunde 10 hadi 15. Baada ya wiki kadhaa linashuka hadi tatu au nne. Hesabu inaruhusu: dakika 10 ni sekunde 600, na mechi ya hatua 40 inakupa wastani wa sekunde 15 kwa kila hatua, bila kuhesabu akiba uliyoweka kwenye ufunguzi.

Mfano mmoja unaonyesha ugonjwa huu pande zote mbili za ubao. (Herufi ni zilezile za kawaida: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari, x ni kula, + ni cheki, na nukta tatu ni hatua ya Mweusi.) Mechi inaanza 1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 g6. Mweusi ametulia. Farasi wa f3 amebanwa, anajisemea, akiondoka malkia wa d1 analiwa. Mweupe anacheza 5.Nxe5! Mweusi akimla malkia kwa 5...Bxd1, inafuata 6.Bxf7+ Ke7 7.Nd5 na ni mati. Akimla farasi kwa 5...dxe5, Mweupe anajibu 6.Qxg4, na Mweusi amepoteza askari mmoja. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kete iliyobanwa mbele ya malkia haiwezi kuondoka. Inaweza. Isiyoweza kuondoka ni ile iliyobanwa mbele ya mfalme.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: Mweusi hatua ya nne acheze 4...Nc6 badala ya g6. Mchezaji aliyekariri mtego ataona picha ileile na kurusha 5.Nxe5 palepale. Safari hii Mweusi anajibu 5...Nxe5, na farasi huyo mpya wa e5 anamlinda askofu wa g4 na wakati huohuo anamtishia askofu wa c4. Mweupe amepoteza kete nzima. Kumbukumbu ya picha ni nguvu, lakini bila kuangalia jibu la mpinzani ndiyo hiyohiyo inayokuangusha.

Fungu la pili kwa ukubwa huwa ni saa, na hapa ushauri wangu ni wa moja kwa moja: acha mechi za dakika 10 bila nyongeza, cheza 10+5 au 15+10. Namba ya pili ni sekunde zinazoongezwa kila unapocheza hatua. Lichess hukadiria urefu wa mechi kwa kuchukua muda wa mwanzo na kuongeza nyongeza mara 40, kwa hiyo 10+5 ni sekunde 800, tofauti ya dakika tatu na ushee tu. Lakini tofauti ya tabia ni kubwa. Bila nyongeza, mtu mwenye ngome ya ziada anapoteza kwa sababu amebakiwa na sekunde nne, na hajifunzi kumaliza mechi kamwe. Mechi za dakika moja ni burudani, na burudani haina ubaya. Ila usizihesabu kama mazoezi, maana zinafundisha mkono kutangulia akili.

Kuna pia hatua ya awali, ile unayoiweka kabla mpinzani hajacheza. Mfumo utaicheza maadamu inaruhusiwa kisheria, hata kama imegeuka upuuzi. Umeweka kete iende d5, yeye anashambulia malkia wako, na kete yako inaenda d5 hata hivyo. Kwenye mechi yenye nyongeza huihitaji.

Kwa ufunguzi nitakuwa mfupi, kwa sababu watu wanaupa muda kuliko unavyostahili. Chagua mmoja wa Mweupe, mmoja wa kujibu e4, mmoja wa kujibu d4, na ubaki nayo miezi kadhaa. Kariri sababu kabla ya hatua. Mtu akikuletea malkia mapema, 1.e4 e5 2.Bc4 Nc6 3.Qh5, jua kwamba anatishia mati kwenye f7; e5 inalindwa na farasi wa c6. 3...Nf6 inafukuza malkia lakini inasahau f7, na 4.Qxf7 ni mati. 3...g6 inajibu kitisho hicho, na baada ya 4.Qf3 ndipo 4...Nf6 inapokuwa nzuri. Vivyo hivyo kwenye 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5: kula tena kwa 5...Nxd5 kunaonekana kwa kawaida, lakini kunamkaribisha farasi kwa 6.Nxf7 na mfalme anaburutwa katikati ya ubao. 5...Na5 ndiyo hatua tulivu zaidi. Ukipoteza kwenye ufunguzi, fungua hifadhi ya mechi, tafuta hatua uliyotoka njiani, jifunze hatua hiyo moja, basi. Hatua moja kwa kila kipigo inatosha.

Mwisho wa mchezo, kinyume chake, hupewa muda mdogo mno. Mambo machache yanaokoa nusu pointi nyingi. La kwanza ni kumaliza kwa malkia na mfalme dhidi ya mfalme peke yake. Weka malkia umbali wa mruko wa farasi kutoka kwa mfalme wa adui, kisha mwigize: akienda kushoto, nawe kushoto, akishuka, nawe shuka. Atajisukuma mwenyewe hadi kona. Akifika kona, acha kuigiza mara moja. Mfalme mweusi akiwa a8 na malkia mweupe b6, hana cheki na hana pa kwenda, na mechi ni sare. Malkia asimame palipomwachia mfalme huyo miraba miwili ya kuchezea, kwa mfano d7, na mfalme wako ndiye aje kusaidia mati.

La pili ni mfalme na askari dhidi ya mfalme. Askari wako akiwa e4, miraba inayoamua ni d6, e6 na f6: mfalme wako akikalia mmojawapo, askari atafika, zamu iwe ya yeyote. Kwa hiyo mfalme anatangulia mbele ya askari, wala hamfuati nyuma. Watu wengi wanasukuma askari kwanza, na hapo ndipo ushindi unapogeuka sare. Askari wa pembeni, a au h, ana sheria yake: mfalme anayejihami akiwahi kona ya mbele yake, ni sare.

La tatu ni ngome dhidi ya ngome na askari mmoja, wewe ukijihami. Ukiwa Mweusi na mfalme wako yuko mbele ya askari huyo, weka ngome kwenye mstari wa sita na umzuie mfalme mweupe asipande. Ngoja. Askari akisogea mstari wa sita, shusha ngome mpaka mstari wa kwanza na uanze cheki kutoka nyuma. Mfalme wake hana tena pa kujificha. Kosa la kawaida ni kukosa subira na kushuka mapema, kabla askari hajasogea.

Injini ije mwishoni, baada ya wewe kuandika maoni yako. Stockfish itakuonyesha kwamba hatua fulani ilishusha nafasi yako kutoka +0.9 hadi +0.4 (1 ni thamani ya askari mmoja), ipuuze. Tafuta palipo na mporomoko, unaotoka kushinda hadi kushindwa, na ujiulize kama mporomoko huo uko kwenye mafungu yako. Asilimia ya usahihi isikuvimbishe kichwa pia. Mechi ambayo mpinzani alipoteza malkia hatua ya tisa hukupa asilimia kubwa kwa kazi ndogo.

Mafumbo yaendelee, ila yachezwe polepole. Kumi kwa siku yanatosha, na usiguse kete mpaka uone mstari mzima, pamoja na jibu bora la mpinzani. Lichess ina mada ya hatua za kujihami. Changanya na hizo, kwa sababu ndizo zinazofundisha lile jicho lililolala. Kwa mtu mwenye saa tano kwa wiki, ningegawa hivi: mechi nne ndefu, kila moja ikifuatwa na dakika 15 za kuichambua, mafumbo dakika kumi kila siku, na kilichobaki kiende mwisho wa mchezo. Ukipoteza mechi mbili mfululizo, funga ukurasa. Mechi ya tatu huchezwa na hasira.

Pointi zenyewe zina kelele nyingi. Lichess huanzia 1500 na Chess.com ina mizani yake, kwa hiyo usilinganishe namba za huku na za kule. Katika hesabu ya Elo, mfumo wa kupima nguvu za wachezaji, anayekuzidi pointi 100 anatarajiwa kupata takriban asilimia 64 ya alama mkikutana mara nyingi, na anayekuzidi 200 takriban 76. Maana yake hata mpinzani uliyemzidi pointi 200 atakuchukulia karibu robo ya alama, na kushuka pointi 60 kwa wiki moja kunaweza kuwa bahati tu. Kipimo kinachoaminika zaidi ni daftari lako. Zikifika mechi nyingine 20 za kupoteza, panga tena mafungu. Kama kete za bure zimeshuka kutoka 13 hadi 6 na fungu la "sikujua nifanye nini" limepanda, umepiga hatua hata kama namba ya juu haijasogea, na sasa ndio wakati wa kuanza kusoma mipango ya kati ya mchezo.