Vigezo vya kompaila hutawala msimbo wako peke yake

Programu yangu moja niliikompaili (niligeuza msimbo wake kuwa maagizo ya prosesa) kwenye kompyuta ya kawaida ya x86 bila kupata onyo hata moja, nikaihamishia kwenye Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, na nilipoiendesha ikafa papo hapo, ikiacha maneno mawili kwenye skrini: Illegal instruction. Prosesa ilikuwa imekutana na agizo isilolijua. Kigezo cha -march=armv6, yaani chaguo linaloiambia kompaila aina ya prosesa, nilikuwa nimekiweka sawasawa, kwa kuwa ARM1176JZF-S iliyomo ndani ya Pi Zero ni ya kizazi cha ARMv6, kwa hiyo kosa nililitafuta siku nzima kwenye msimbo wangu, mahali ambapo halikuwepo.

Nililiona nilipolichunguza faili lililokamilika kwa readelf -A, amri inayoonyesha faili limejengwa kwa prosesa ya aina gani, ambapo mstari wa Tag_CPU_arch ulisomeka v7. Vigezo tunavyoviandika hutawala yale tu yanayokompailiwa wakati huo; vipande vya kuanzishia programu, libgcc (maktaba ya usaidizi ya kompaila ya GCC) na maktaba ya C huwa vimekwisha kujengwa pamoja na kompaila yenyewe, na vya kompaila yangu vilijengwa kwa ARMv7. Dawa ilikuwa kubadilisha kompaila pamoja na maktaba zake, si kuongeza kigezo kingine. Siku hizi huanza na gcc -v, amri inayoonyesha jinsi GCC ilivyojengwa, nikasoma --with-arch (aina ya prosesa) na --with-float (namna ya kushughulikia desimali), kisha ndipo naandika kigezo changu cha kwanza.

Kuhusu vigezo vyenyewe, -march huweka mpaka wa maagizo yanayoruhusiwa, -mtune huyapanga maagizo hayohayo yaifae prosesa fulani bila kuongeza hata moja, na -mcpu hufanya yote mawili kwa mkupuo. Kifaa kikiwa na prosesa moja inayojulikana, -mcpu=cortex-a53 inatosha. Faili moja likitakiwa kuendeshwa kwenye prosesa mbalimbali, mpaka uwekwe na iliyo dhaifu kuliko zote, na -mtune ipewe ile inayotumika zaidi.

Panapohitaji uangalifu mkubwa kwenye biti 32 ni namba za desimali. Vigezo -mfloat-abi=softfp na -mfloat-abi=hard vyote hutumia kitengo cha desimali, lakini cha kwanza hupitisha namba hizo kati ya kitendakazi (function) kimoja na kingine kwa rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) za kawaida, na cha pili kwa rejista za desimali, hivyo maktaba za pande hizi mbili haziunganiki. Programu ya hard huhitaji kipakizi cha ld-linux-armhf.so.3, yaani programu inayoipakia pamoja na maktaba zake; kisipokuwepo kwenye kifaa, utaambiwa No such file or directory ilhali faili lako unaliona kwa macho, kwa sababu kinachokosekana ni kipakizi.

Kwenye vidhibiti vidogo (microcontroller) hali ni nyingine. Cortex-M0 haina kitengo cha desimali wala agizo la kugawanya. Cortex-M4 yenye kitengo hicho hupewa -mfpu=fpv4-sp-d16, na herufi sp (single precision) zina uzito, kwani kitengo hicho hufanya hesabu za float tu, yaani desimali za biti 32. Ukiandika x * 0.1 badala ya x * 0.1f, x ikiwa float, hesabu hiyo hupandishwa kuwa double (desimali ya biti 64) na kufanywa na programu badala ya kitengo, polepole mno, hata kama vigezo vyako vyote ni sahihi. Mimi siachi kamwe kuweka -Wdouble-promotion, inayotoa onyo float inapopandishwa hivyo, kwenye kazi za aina hii.

Kwenye biti 64, -mfloat-abi haipo kabisa, na kwa kawaida NEON, maagizo ya kuchakata data nyingi kwa mkupuo, huhesabiwa kuwa ipo. Kinachobaki kuangaliwa ni matoleo ya ARMv8 yenyewe, kizazi cha ARM kilicholeta biti 64: faili lililojengwa kwa -march=armv8.1-a laweza kutumia maagizo mapya ya atomiki (yasiyoweza kukatizwa katikati) ambayo Cortex-A53 na Cortex-A72, zote za ARMv8.0, hazina. GCC 10 ilileta -moutline-atomics, ambayo huifanya programu iulize yenyewe, inapoendeshwa, kama prosesa inayo maagizo hayo, nawe ukaacha -march=armv8-a mahali pake.