Baridi Niliyoikuta Mita 18

Niliiona kabla ya kuihisi. Tulikuwa tumeteremka kandokando ya mwamba hadi karibu mita 16, maji yakiwa ya uvuguvugu na maangavu, mara chini ya mapezi yangu nikaona tabaka linalotetemeka na kumeremeta, mfano wa hewa inayocheza juu ya makaa ya moto. Kiongozi wetu alilipita bila kusita, nami nikamfuata. Baridi ilinishika kwanza usoni, pembezoni mwa barakoa, kisha shingoni, halafu ikapenya kwenye zipu na kuteremka uti wa mgongo polepole. Kompyuta ya kuzamia niliyoifunga mkononi ilikuwa ikionyesha nyuzi joto 27 za Selsiasi. Baada ya muda ikaonyesha 24, kisha 22, na hatimaye ikatulia kwenye 19.

Suti ya kuzamia niliyovaa ilikuwa na unene wa milimita 3. Niliichagua mwenyewe, tena baada ya kutafuta taarifa kwa bidii, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya baridi yenyewe.

Wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nimetumia jioni kadhaa nikitafuta jibu la swali moja tu: maji ya mahali pale yangekuwa na joto kiasi gani. Jedwali la kwanza lilinipa wastani wa mwezi, nyuzi 27. La pili lilisema 27.4, na ile desimali ikanifanya niamini kwamba kuna mtu aliyepima kwa uangalifu mkubwa. La tatu liliandika 81, nikashtuka, hadi nilipotambua kwamba hizo zilikuwa nyuzi za Farenhaiti, yaani zile zile 27. Kwa kuwa vyanzo vitatu vilikubaliana, niliridhika na kuanza kufunga mizigo. Sikujiuliza kama nilikuwa na mashahidi watatu au shahidi mmoja aliyenukuliwa mara tatu.

Baadaye ndipo nilipofuatilia tarakimu za namna ile zinatoka wapi. Nyingi hutokana na satelaiti, na zile zinazopima kwa miali ya infraredi husoma ngozi ya bahari iliyo nyembamba kuliko unywele, tena mawingu yakitanda hazioni kitu. Kumbukumbu ya kila siku inayotunzwa na NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, ambayo huunganisha vipimo vya satelaiti, meli na maboya, hugawa bahari katika vyumba vyenye upana wa takriban kilomita 25, na kila chumba hupewa tarakimu moja. Ni kazi kubwa na ya kuaminika kwa anayechunguza mwenendo wa bahari nzima. Maboya ya mradi wa Argo nayo huzama hadi mita 2,000 na kupanda yakipima joto njia nzima, lakini hayo huelea katika bahari kuu, mbali na mwamba ambao mzamiaji ataushuka.

Kule chini sikuwa na nafasi ya kuyafikiri hayo. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa, na mpira wa suti, ambao kinga yake ni viputo vidogo vya gesi vilivyomo ndani yake, hubanwa kadiri mtu anavyoshuka. Katika mita 18 shinikizo linakaribia mara tatu ya lile la juu, kwa hiyo milimita 3 zangu hazikuwa tena milimita 3. Nilianza kutetemeka. Pumzi zikawa fupi na za haraka, na nilipotazama geji nikaona hewa imepungua kuliko nilivyotarajia kwa muda ule. Nilijikumbatia na kusugua mikono ili kiongozi aelewe, kisha nikainua kidole gumba, ishara ya wazamiaji ya kupanda juu. Tulipanda pamoja, na zile dakika tatu za kusimama kwa tahadhari kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini, ndani ya maji ya nyuzi 27 niliyokuwa nimeahidiwa, nilizitumia nikikunja na kukunjua vidole ambavyo vilikuwa vizito kama si vyangu.

Chomboni alikuwapo mzamiaji mmoja wa makamo ambaye alikuwa amezamia pale kwa miaka mingi. Aliniletea taulo, akaniuliza, "Mwanangu, nani alikuambia nyuzi 27?"

"Majedwali yote, Mzee."

"Hayakukudanganya. Uliyauliza habari za juu, nawe ulikuwa unakwenda chini."

Akatoa daftari lake, kurasa zimejikunja kwa chumvi. Kila mzamo ulikuwa na mstari mmoja wa penseli: tarehe, kina, joto la chini kabisa, unene wa suti, na neno moja la jinsi alivyojisikia. Joto la chini hulisoma baada ya dakika kadhaa, alinieleza, kwa sababu kipimo kilichofichwa ndani ya kompyuta huchelewa kufuata maji. Tukatafuta wiki kama ile katika miaka iliyotangulia: 26, 20, 21, 25. Hapakuwa na wastani uliofaa kitu katika orodha hiyo. Palikuwa na pepo. Zikivuma siku nyingi sambamba na pwani, husukuma maji ya juu kuelekea baharini, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Na upepo wa namna hiyo ulikuwa umevuma siku sita kabla hatujafika. Mtu yeyote aliyezamia pale juzi angeweza kuniambia, laiti ningetafuta namna ya kumuuliza alishuka mita ngapi, alivaa nini, na kama alihisi baridi.

Siku ya pili nilizamia nikiwa na suti ya kuazima ya milimita 5 na kofia yake. Kwa kuwa suti nene huelea zaidi, niliongeza kilo mbili za vipande vya madini ya risasi kwenye mkanda ili nizame. Tulilipita tena lile tabaka linalometameta, safari hii kwenye mita 14, na tukakaa chini yake dakika 38. Tuliporudi chomboni Mzee alinipa penseli yake, nikaandika: mita 21, nyuzi 18, milimita 5 na kofia, salama.