Lenzi Ndefu na Mama Aliyeshika Tama

Kwa muda mrefu niliamini kwamba suala la vifaa na suala la maadili ni mambo mawili yasiyohusiana: la kwanza huamuliwa dukani kulingana na uwezo wa mfuko, na la pili hujitokeza baadaye, mpiga picha anapokuwa mbele ya watu na kamera yake mkononi. Siamini hivyo tena. Mimi hupiga picha kwa mapenzi tu, katika saa chache ninazozipata baada ya kazi, lakini miaka niliyofanya hivyo imenionyesha kwamba lenzi ninayoifunga kwenye kamera kabla ya kutoka nyumbani huwa imeshaamua, kwa kiasi kikubwa, jinsi nitakavyowatendea watu nitakaokutana nao.

Lenzi ya kwanza niliyoinunua mwenyewe ilikuwa ya kuvuta mbali, ya milimita 70 hadi 300, na sababu ya kuinunua ilikuwa haya. Sikuthubutu kumsogelea mtu nisiyemjua na kumwomba picha, na lenzi ile ilinipa njia ya kumpata bila kumsemesha. Hesabu yake ni nyepesi: ili sura ya mtu ienee kwenye picha kwa ukubwa uleule, mwenye lenzi ya milimita 300 husimama mbali mara sita kuliko mwenye lenzi ya milimita 50. Panapohitajika mita 2 kwa lenzi fupi, umbali ambao watu huamkiana na kujuliana hali, lenzi ndefu huruhusu mita 12, na kwa umbali huo mtu huenda asitambue kabisa kwamba ndiye anayelengwa.

Jioni moja nilimpiga picha mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi peke yake kwenye benchi, ameshika tama, machozi yakimtiririka. Mwanga ulikuwa mzuri, na mandhari ya nyuma yalififia jinsi lenzi ndefu inavyoyafifisha. Kila niliyemwonyesha picha ile aliisifu, isipokuwa dada yangu, ambaye aliitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Alikuwa analilia nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechukua uchungu wa mtu na kuufanya pambo la ukuta wangu, ilhali sikuwahi hata kuisikia sauti yake.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba dawa ni kutumia lenzi fupi, lakini historia ya picha haituruhusu kuishia hapo. Mwaka 1936 Dorothea Lange, aliyekuwa akiipigia picha serikali ya Marekani, alimkuta mama mmoja pamoja na watoto wake katika kambi ya wavuna njegere huko California, akamkaribia hatua kwa hatua kwa kamera kubwa isiyoweza kufichika. Picha iliyopatikana ikawa miongoni mwa zinazojulikana zaidi kuhusu mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ile. Hata hivyo Lange mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakumwuliza mama yule jina lake. Jina hilo, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana kwa watu mwaka 1978, na mwenyewe hakuficha kwamba alitamani asingepigwa picha ile, ambayo haikumletea chochote. Ukaribu wa mwili, basi, hautoshi. Lenzi fupi hukufikisha mahali ambapo mazungumzo yanawezekana. Kuyaanzisha ni kazi yako.

Wapo wapiga picha ninaowaheshimu wanaosema kwamba ukiomba ruhusa, uso hubadilika na picha hufa. Ni kweli kwamba uso hubadilika. Lakini inawezekana kupiga kwanza, kisha kumwendea mtu, kumwonyesha picha kwenye kioo cha kamera na kuifuta mbele yake akikataa. Pia siwaweki watu wote katika kundi moja: askari anayempiga raia barabarani anatumia mamlaka aliyopewa na umma, na umma una haki ya kuona anavyoyatumia, hata asipokubali. Anayelia kwenye benchi hana mamlaka yoyote juu yetu, na ndiyo maana heshima tunayompa inapaswa kuwa kubwa zaidi.

Jambo jingine linalonisumbua linahusu shata, yaani sehemu ya kamera inayoruhusu mwanga uingie kwa muda mfupi picha inapopigwa, na ambayo hutoa mlio. Siku hizi ipo shata ya kielektroniki, ambayo imeziwezesha kamera nyingi za siku hizi kupiga bila sauti. Katika mazishi au ibada ni neema, kwa maana haiwavurugi watu. Mitaani, hata hivyo, ule mlio mdogo ulikuwa taarifa ya mwisho aliyobakiwa nayo mpigwa picha, na mimi nimeamua kuuacha usikike. Kuhusu ukubwa wa sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, na wingi wa pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, nina machache ya kusema, kwa sababu sijaona bado picha yangu mbaya iliyokuwa mbaya kwa ajili hiyo. Ninalolikagua kwa makini zaidi ni taarifa za mahali ambazo simu, na baadhi ya kamera, huziandika ndani ya faili: mtoto anayecheza mbele ya nyumba yao, au kifaru aliyebaki katika hifadhi, anaweza kutafutwa kwa taarifa hizo na mtu mwenye nia mbaya, hivyo mimi huziondoa kabla ya kumtumia picha mtu yeyote.

Ile lenzi ndefu ninayo bado. Huitumia kwa ndege, ambao kwao umbali ndio heshima yenyewe, kwa kuwa ndege anayesogelewa kiotani anaweza kuyaacha mayai yake yakapoa. Kwa watu hutoka na lenzi ya milimita 35 peke yake, na siku nyingi hurudi na picha mbili au tatu tu. Picha ya mama yule nimeiondoa ukutani na kila mahali nilipokuwa nimeiweka. Imebaki nakala moja ambayo sijaweza kuifuta, na kila ninapoifungua naanza tena kulitafuta jibu la swali la dada yangu.