Achari ya pumba: nilivyoiweza hapa Kokura, video au bila video

Nianze na hasira zangu. Yeyote aliyekwambia nukadoko ni kazi nyepesi, eti "changanya pumba, chumvi na maji, kisha sahau", huyo hajawahi kuifuga. Nasema kuifuga kwa sababu ina uhai. Ni pumba za mchele zilizochacha, Wajapani wanafukia mboga humo: tango, figili, karoti. Unafukia usiku, asubuhi unafukua, unaosha, unakata. Tango lina chumvi, lina ukali kidogo, na bado linalia kwenye meno. Hilo ndilo nukazuke, na hapa Kitakyushu, jiji la Japani lenye hii Kokura, zipo familia zinarithishana pumba zao toka kwa bibi hadi kwa mjukuu.

Mimi mtu wa Tanga, na soko maarufu la Kokura nalo linaitwa Tanga, lile lililoungua mara mbili mwaka 2022. Nikimwambia muuza samaki nimetoka Tanga, anadhani nakaa nyuma ya soko. Bibi jirani yangu kaona yaishe, ananiita Tanga-san. Mimi namwita Obaachan.

Sasa hiyo video. Mara ya kwanza nilifuata video ya mtandaoni. Jamaa kashauri nitie mtindi na bia kuharakisha uchachu, nifunge kwenye kopo lisiloingiza hewa, nisiguse. Bia nilimwachia mwenyewe, pombe haiingii jikoni kwangu. Mtindi nilitia. Ilikuwa Juni, masika yao yameanza, chumba kinanata. Kimya siku za mwanzo. Kisha juu pakatanda utando mweupe. Nikauliza mtandaoni, wajuzi wakajibu: dalili njema hiyo, acha. Nikaacha. Nilipokuja kufunua, juu kunanuka thina ya kuchanganyia rangi. Nikachimba chini kidogo: soksi za mwanafunzi wa bweni mwisho wa muhula. Nilifungua madirisha yote, chakula cha usiku nikalia kwenye ngazi. Obaachan akatokeza kichwa, akavuta pumzi mara moja tu, akauliza, "Tanga-san, unapindua kila siku?" Nikamwambia nimeambiwa nisiguse. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mzigo wote ukaishia kwenye mifuko ya taka ya jiji, ile ya kulipia, kwa hiyo hata kutupa kuligharimu.

Alichonieleza yeye hakikuwa kwenye video yoyote. Utando wa juu ni hamira inayopenda hewa. Uvundo wa chini ni wa vijidudu vinavyoichukia hewa. Wale tunaowataka, bakteria wa maziwa machachu, wanastarehe katikati. Kwa hiyo unapindua, cha chini kije juu, cha juu kiende chini, ili wakorofi wa pande zote mbili wakose raha. Mara moja kwa siku, na kiangazi mara mbili. Mkono mtupu, kucha fupi. Ukimaliza, sawazisha juu kwa kiganja na ufute kingo za chombo, maana ukungu huanzia pale. Utando mwembamba ukitokea, kwangua au changanya ndani, wala usimwage pumba zote.

Pumba za mara ya pili sikununua. Hapa kuna vibanda vya kukobolea mchele: unakuja na gunia lako la mchele wa kahawia, unatumbukiza sarafu, yeni mia moja hivi kwa kilo kumi, unaondoka na mchele mweupe. Pumba zinaangukia chumba cha nyuma, na kwenye vibanda vingi unajichotea bure! Mimi hata mchele sikuwa nao, nilikwenda na ndoo tu. Chukua zilizotoka kukobolewa muda huohuo, maana zina mafuta na huvunda upesi.

Kilo moja ya pumba, maji kama lita, chumvi gramu 130 hivi. Ukifumbata, maji yachungulie tu kati ya vidole. Kipande cha kombu (mwani mkavu), pilipili kavu mbili tatu. Obaachan akanipa konzi ya pumba zake kuukuu, na hiyo ndiyo iliyoshinda mtindi wote wa dunia. Wiki mbili za kwanza unafukia majani ya nje ya kabichi na kuyatupa, ila yakamue kwanza, maji yake yarudi humo. Tango lipake chumvi kabla. Biringanya hupoteza rangi, hivyo watu huzika msumari wenye kutu pembeni, na kweli zambarau inabaki. Ikizidi uchachu, saga maganda ya mayai uchanganye humo. Bamia jaribu, utanishukuru.

Mama kwenye simu akaniuliza, "Mwanangu, huko mnakula cha kuku?" Nikampa somo: enzi za Edo, karne ya 17 hadi 19 huku Japani, watu wa mjini walishika mchele mweupe wakaugua beriberi, kwa sababu vitamini B1 ilibaki kwenye pumba, na mboga ikilala humo hunyonya sehemu yake. Akasema sawa, lakini kuku wake wanaipata bila kusoma.

Nikisafiri natoa mboga zote, nafunika juu kwa chumvi nyingi, natia kwenye friji. Nikirudi nakwangua ile chumvi, napindua siku chache, inaamka.

Wageni wakija sitoi tango. Natoa nukadaki, vibua vilivyopikwa na pumba zenyewe, chakula cha Kokura hasa. Wao hutia sake, pombe ya mchele, na mirin, pombe tamu ya kupikia. Mimi badala yake natia sukari na tangawizi, na sosi ya soya ambayo nyuma ya chupa haijaandikwa アルコール wala 酒精, yaani alkoholi. Maji, moto mdogo, na vijiko viwili vya pumba kutoka kwenye chombo mwishoni, kisha unaacha ijikaukie taratibu. Mirin hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuiulizia.