Neno "changamoto" lilivyonirudisha mezani na dodoso langu

Nilipoamua kupima utendaji kazi wa wahudumu wa hoteli hapa Moshi, sikutaka kutunga dodoso jipya. Lipo la maswali 18, lililoundwa Uholanzi na Linda Koopmans na wenzake. Linauliza mambo ya miezi mitatu iliyopita katika mafungu matatu: kazi uliyoajiriwa kuifanya, unayoyaongeza kwa hiari yako, na tabia zinazoharibu kazi, kama kulalamikia vitu vidogo. Niliomba ruhusa ya kulitumia, nikapewa.

Watafsiri wawili walilitoa kwenye nakala yake ya Kiingereza wakalitia kwenye Kiswahili, kila mmoja kivyake, tukakaa kuoanisha. Wengine wawili, ambao hawakuwahi kuliona dodoso la awali, wakalirudisha kwenye Kiingereza. Tafsiri rejeshi ilikuja safi. Kamati ikaridhika, msimamizi wangu akaridhika.

Kilichoniokoa ni hatua ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kwenda kukusanya takwimu: kukaa na mtu, asome swali kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake ameelewa nini. Inapendekezwa wawe watu 30 hadi 40. Wa kwanza kwangu alikuwa mama anayesafisha vyumba. Tulikaa nyuma ya jiko, mashuka yameanikwa mbele yetu. Akasoma: "Niliendelea kutafuta changamoto mpya kazini." Akaiweka karatasi magotini.

"Mwanangu, nizitafute tena? Maji yanakatika, mshahara unachelewa, hizo si changamoto?"

Alikuwa sahihi kabisa. Kwetu changamoto imeshakuwa jina la heshima la shida. Kwenye risala yoyote, changamoto ndizo tunazomwomba mgeni rasmi atutatulie. Mfanyakazi mwenye bidii angejibu kwamba hazitafuti, nami ningemhesabu mzembe. Na tafsiri rejeshi isingeligundua kosa hilo kamwe, kwa sababu mtafsiri akiona changamoto anarudisha neno lilelile la Kiingereza tulilotoka nalo, "challenge". Tukaandika upya: "Nilitafuta mwenyewe kazi za kunifundisha jambo jipya."

Majibu nayo yalinisumbua. Kati ya "mara kwa mara" na "mara nyingi", lipi zaidi? Niliandika kila jibu kwenye kadi, nikawaomba wazipange kuanzia dogo hadi kubwa. Kadi hizo mbili kila mtu alizipanga kivyake. Hatukuongeza maneno, chini ya kila jibu tulichora duara linalozidi kujaa wino, na ubishi ukaisha.

Fungu la tatu ndilo lililoniumiza kichwa. Karibu wote walijibu kwamba hawajawahi kulalamika, na swali linalojibiwa sawa na watu wote halikuambii lolote, hata alfa ya Cronbach, kile kipimo cha jinsi maswali ya fungu moja yanavyokubaliana, ukiikokotoa mara kumi. Kumbe fomu zilikuwa zinapitia kwa mkuu wa zamu. Nikaleta bahasha zisizo na jina, nikawa nazikusanya mwenyewe mlangoni zamu inapobadilishana. Hapo majibu yakaanza kutofautiana, na alfa ya mafungu yote matatu ikavuka kile kiwango cha 0.70 kinachozoeleka.

Kabla ya kuchapa nakala za mwisho nilirudi kwa yule mama na swali lake. Alilisoma mara moja tu.

"Aa, kama nilivyomwomba fundi anionyeshe ile mashine mpya ya kufulia. Hilo ndilo unaloniuliza?"

Ndilo.