Ushuru sifuri bila mzigo

Kujiunga na jumuiya huisaidia nchi yenye uchumi dhaifu pale tu inapokuwa na cha kuuza. Somalia iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024. Bila mzigo wa kupeleka, itabaki soko la wenzake.

Na mzigo wenyewe una masharti. Unga wa mahindi ya Iringa uliosagwa hapa Dar hauna ushuru wa forodha ukivuka mpaka wa Namanga kwenda Kenya, mradi uwe na cheti cha uasili, yaani uthibitisho kwamba bidhaa imetoka ndani ya jumuiya. Mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti chepesi cha mpakani. Vitenge vya China kutoka Kariakoo? Badilisha lebo utakavyo, ushuru uko palepale. Halafu sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka: ikizidi sehemu 10 kwa bilioni, gunia halipiti. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, jumuiya ikiwepo.